Komeo la Bunduki

Katika bunduki zilizopata kubebwa Afrika Mashariki, hakuna iliyonishughulisha kama Mauser ya mwaka 1871. Mimi ni mwalimu wa lugha, si mwanajeshi, na kilichonivuta kwanza ni kwamba mtambo wake hautaki msamiati mpya. Kila mwenye mlango wa komeo anaujua. Mkono wa komeo huinuliwa, ukavutwa nyuma. Risasi ya milimita 11 hutiwa, moja tu. Komeo husukumwa mbele, mkono ukalazwa kuumeni, na mlango umefungwa.

Ndugu wawili wa Oberndorf, Wilhelm na Paul Mauser, waliijua taabu ya bunduki ya sindano ya Dreyse: mpigaji aliikaza kamani yake kwa tendo la peke yake. Wao walichonga mteremko katika komeo, hata kuinua mkono tu kukatosha kuikaza. Ganda la shaba nalo, likivimba kwa moto wa baruti, lilizuia hewa ya moto isimrudie mpigaji usoni. Hayo nayastahi. Lakini kifaa cha kutupa ganda nje hakikuwako. Askari aliinamisha bunduki lianguke lenyewe.

Baruti yake ilikuwa nyeusi, yenye moshi mwingi. Wafaransa walipoleta bunduki ya baruti isiyo moshi mwaka 1886, hii ilizeeka ingali na miaka 15. Wadachi waliwapa askari wa kwao bunduki ya 1888, kisha ya 1898. Huku kwetu baadhi ya kombania zilipata mpya. Nyingi ziliachiwa kuukuu, na vita vya Tanga, Novemba 1914, viliwakuta nayo mikononi. Kila risasi ilipandisha wingu jeupe, na adui alijua mpigaji alipolala. Vitabu husifu mno ushujaa wa askari hao, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Ni vichache vinavyouliza kwa nini ushujaa huo ulitozwa ushuru wa moshi. Jemadari wao, Lettow-Vorbeck, hakuuficha upungufu huo katika kumbukumbu zake.

Baba wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Kwetu husimuliwa kwamba akiisha kupiga alijiviringisha upande, haraka, kabla ya kufungua komeo. Bunduki za Waingereza zilizotekwa Tanga zilitosha kombania tatu. Kombania yake haikuwamo.