Nyumba Iliyofungwa Haibadilishwi

Kabla ya kwenda Marekani nilikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto mkoani Tanga. Kila mwisho wa mwezi tulijumlisha vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya: wajawazito waliohudhuria, watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungua salama. Ripoti ilikwenda wilayani ikiwa safi. Lakini vitabu vile vilimjua aliyefika tu. Mama wa milimani aliyejifungulia njiani hakuwa na mstari wake, wala mtoto aliyezikwa kabla ya kuandikiwa kadi. Nilitaka kujua namna ya kumhesabu asiyefika, na hamu hiyo ndiyo iliyonirudisha shule.

Mwaka 2015 nilianza shahada ya uzamili ya afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha George Washington. Shule yenyewe iko pembeni mwa Washington Circle, na Ubalozi wetu wa Tanzania uko Mtaa wa 22, mwendo mfupi kwa miguu. Nilidhani nakwenda kusoma magonjwa. Nikakuta hesabu, na hesabu hizo zilikuwa na watu wa kwetu ndani yake. Ukipanda treni ya njia nyekundu hadi Rockville, Maryland, unafika mji ambao wakati ule ulikuwa na makao ya programu ya tafiti za idadi ya watu na afya, iliyoanzishwa 1984 kwa fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani. Tanzania ilifanya utafiti wake wa kwanza wa aina hiyo mwaka 1991-92. Darasani tulifungua data zake kwenye kompyuta, nikaona mikoa ninayoijua imepangwa safu kwa safu, akiwemo yule mama wa njiani niliyemkosa vitabuni. Sikulala vizuri usiku ule kwa furaha.

Kisha nikaanza kuelewa jinsi alivyopatikana. Utafiti wa 2015-16 ulichagua maeneo 608 ya kuhesabia watu nchi nzima, na katika kila eneo kaya 22, kwa bahati nasibu. Mwalimu wetu wa takwimu alitukalisha muda mrefu juu ya jambo moja: majirani hufanana. Wanaochota maji kisima kimoja huugua pamoja na hupona pamoja, kwa hiyo kaya 22 za kijiji kimoja hazikuambii mengi kama kaya 22 zilizotawanyika nchi nzima. Ndiyo maana maeneo lazima yawe mengi, na ndiyo maana utafiti mzuri ni ghali. Kisha likaja sharti ambalo nalihesabu kuwa zawadi kubwa kuliko zote nilizopewa Washington: kaya ikishachaguliwa, haibadilishwi. Ukikuta mlango umefungwa, unarudi. Ukikuta umefungwa tena, unarudi tena. Ukishindwa kabisa, unaandika kwamba umeshindwa, wala hugeukii mlango wa jirani.

Niliporudi nyumbani nikasimamia timu za wadadisi Lushoto, Pangani, na baadaye Pemba. Huko sharti lile lilipata uzito wake. Vijana wamechoka, jua linazama, dereva anataka kuondoka, na nyumba ya pili iko wazi, mama amekaa kibarazani anatukaribisha. Kwa nini tusimhoji yeye? Kwa sababu aliyefunga mlango ana sababu ya kuufunga. Pangani mume yuko dago, kambi ya wavuvi, na mke yuko sokoni anauza samaki. Pemba msimu wa karafuu familia nzima imehamia mashambani. Watu hawa ndio wanaoshindwa kufika kliniki. Ukimbadilisha mmoja wao kwa mama wa kibarazani, umerudia kosa la kitabu cha kliniki ukiwa na karatasi za kisayansi mkononi.

Mambo mengine ya shule nayapita haraka, ingawa yana faida: programu za takwimu, uandishi wa maombi ya fedha, bajeti. Hayo mtu mwenye bidii hujifunza popote. Somo la maadili siwezi kulipita. Tulisoma habari za Tuskegee, Alabama, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa na idara ya afya ya serikali bila kuambiwa ukweli, na bila kutibiwa hata baada ya penisilini kupatikana. Kashfa hiyo ndiyo iliyozaa tume ya kitaifa iliyokutana mwaka 1976 katika nyumba ya Belmont, Elkridge, Maryland, kati ya Washington na Baltimore. Ripoti ya Belmont ikatoka 1979, ikasimamisha mambo matatu: kumheshimu mtu, kumtendea wema, na haki.

Hayo yalinijia Lushoto mbele ya bibi mmoja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja kuandika vyandarua?"

Mdadisi wangu alinitazama. Neno "ndiyo" lingefungua mlango mara moja. Nikakaa kwenye mkeka nikamwambia: hapana bibi, hatukuleta chandarua, na hata ukikataa kuzungumza nasi hutapoteza huduma yoyote. Akafikiri kidogo, akauliza majibu yatakwenda wapi. Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Alikubali, akamwita mkwewe alete mtoto apimwe.

Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na barua za mkoa, wilaya na kata vilikuwa mfukoni mwangu. Mjumbe alikuwa pembeni. Lakini ridhaa ilikuwa ya bibi yule na mkwewe peke yao, na hakuna barua inayoweza kuitoa kwa niaba yao.

Kazi ya namna hii ndiyo iliyotuwezesha kusema kwamba watoto waliodumaa Tanzania walikuwa asilimia 34 mwaka 2015-16 na asilimia 30 mwaka 2022. Nyuma ya tarakimu hizo kuna wadadisi waliorudi mlangoni mara ya tatu.

Mapema 2025 Marekani ilikata fedha za programu ile ya Rockville. Iliumiza, maana naijua kazi iliyofanyika pale. Lakini wadadisi, wanatakwimu na wasimamizi wazoefu wako kwetu, katika Ofisi ya Taifa ya Takwimu na katika ofisi ya takwimu ya Zanzibar. Kinachopungua ni fungu la kudumu kwenye bajeti. Nawaomba wabunge na wawakilishi wetu walitenge, na kijana anayekwenda kusoma ng'ambo ajifunze sampuli kwa moyo wote, kisha arudi kuifanya kazi hii kwa malipo ya nchi yake.