Kwenda Mbangala kwa Kupitia Mbeya

Barua ya uhamisho ilisema Songwe, na kila niliyemwonyesha pale Tanga alisema Tunduma. Kwa watu wa pwani mkoa mzima ule ni foleni ya malori. Hata mimi sikuwa na picha nyingine. Askari wa zimamoto akisikia Tunduma anayaona matangi ya mafuta yakisubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, na akiyaona matangi anaikumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019: lori lilipinduka, watu wakakimbilia petroli na madumu, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuwaambia watu wa mpakani. Kuhusu safari yenyewe ya Tanga hadi Vwawa, makao makuu ya mkoa, sina la kusimulia, ila kwamba niliposhuka nililitafuta sweta.

Sikukaa sana nikatumwa Mbangala kutoa elimu ya uokoaji kwa wachimbaji wadogo. Mbangala ni kata ya Wilaya ya Songwe, kwenye ukanda wa dhahabu, wilaya ile ile yenye mgodi mkubwa wa New Luika. Nikauliza njia. Wakaniambia nipande gari hadi Mbalizi, pale nibadilishe, niteremke Galula hadi Mkwajuni, halafu niulize tena. Sasa Mbalizi iko Mkoa wa Mbeya. Yaani kutoka makao makuu ya mkoa kwenda kwenye wilaya ya mkoa huo huo, kwa njia wanayopita wengi, unatoka kwanza nje ya mkoa. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na mmegaji alikuwa na sababu zake. Hata Uwanja wa Ndege wa Songwe ulibaki Mbeya. Lakini kazi yangu hainipi anasa ya kupima mkoa kwa rula. Sisi tunaupima kwa dakika, na tangu Mbalizi nilikuwa nazihesabu dakika hizo huku nikizidi kununa.

Kwenye gari la Mkwajuni nilikaa na mama mmoja mtu mzima, miguuni ana gunia la vitunguu na debe la mafuta ya kupikia. Anauza chakula machimboni. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaitazama nembo kwenye jaketi langu.

"Mwanangu, wewe ni wa zimamoto?"

"Ndiyo, mama."

"Wale mnaokuja bila maji?"

Gari zima likacheka, konda akarudia maneno yale kwa waliokaa nyuma wasije wakapitwa. Utani huo nimeusikia harusini, msibani, hata kwa kinyozi nikiwa na povu shavuni. Ninalo jibu lake tayari na nilimpa lote. Gari likija na lita 5,000, na mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, ndani ya dakika kumi tangi ni tupu. Hapo lazima liende kujaza. Bomba la zimamoto lililopaswa kuwa karibu, ama halipo ama mtu amelijengea kibanda juu yake. Wananchi wanaliona gari linaondoka moto ukiwaka, wanasema lilikuja tupu. Nikaongeza na historia, kwamba zamani vikosi vilikuwa vya halmashauri, sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoleta jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo maji yanaisha."

"Yanaisha, mama."

"Si ndivyo nilivyosema?"

Niligeukia dirishani. Tulikuwa tunateremka bonde la Rukwa, joto linapanda kila kona, na sweta la Vwawa limekuwa adhabu. Tulipovuka Galula akaanza tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Na kutibu mnafundishwa, au ni kumwaga maji tu?"

Nikamwambia tunafundishwa huduma ya kwanza, na kwamba mimi kazi yangu kubwa ndiyo hiyo, kumtoa mtu na kumfikisha hospitali akiwa hai.

"Basi kuna jambo nataka unieleze."

Alikuwepo kijana aliyekuwa akila kwake kwa mkopo. Asubuhi moja matimba, yale magogo ya kuegemeza kuta, yalivunjika, duara lenyewe la kuchimbia likaporomoka, jiwe likamlalia mapajani. Wenzake walichimba kwa tindo na kwa mikono, ndoo za udongo zikipokezanwa kutoka chini hadi juu, mpaka jua likaelekea kuzama. Muda wote kijana alikuwa anaongea. Aliomba uji. Mama akaupika, ukashushwa kwa kamba ndani ya chupa ya chai, akanywa. Jiwe lilipoondoka watu walishangilia, na alipopita mbele ya mama, amebebwa juu ya turubai, akamwambia, "Mama, deni lako nitalipa." Hawakufika naye hata barabarani.

"Wengine walisema amechezewa," mama alisema. "Wengine wakasema ni uji wangu. Mpaka leo wapo wanaosema."

Sikuwa tena na hamu ya kubishana. Nilimweleza kama nilivyofundishwa. Nyama ya paja ikibanwa kwa saa nyingi inaanza kufa, na ikifa inaachia sumu zake, mojawapo potasiamu. Jiwe likiwa bado juu, sumu nyingi imefungiwa mguuni. Likinyanyuliwa ghafla, damu inarudi na mzigo wote huo moyoni, na moyo unaweza kusimama pale pale. Akipona moyo, figo zinaweza kufeli baadaye. Ndiyo maana aliyebanwa muda mrefu huanzishiwa dripu kabla ya kutolewa, akiwa bado chini ya jiwe. Uji kweli tunakataza, kwa hofu ya kutapika na kwa ajili ya dawa ya usingizi ya upasuaji, lakini kilichomuua kijana yule, kwa jinsi alivyonisimulia, hakikuwa uji.

Akafikiri. "Kwa hiyo waliomtoa ndio waliomuua?"

"Mama, wasingemtoa angefia humo humo."

"Hilo sikukuuliza."

Sikumjibu, na hatukusemeshana tena hadi Mkwajuni.

Mbangala nilifika kwa bodaboda, nikiwa mwekundu kwa vumbi. Kesho yake walikusanyika chini ya turubai, karasha la kusagia mawe limezimwa kwa heshima yangu. Somo nililoandaa lilikuwa la moto, tena zuri, lina mitungi ya gesi na michoro. Nililiacha mfukoni. Nilianza na mashine ya petroli ya kuvutia maji, ile inayoshushwa shimoni: moshi wake una hewa usiyoiona wala kuinusa, wa kwanza akianguka wa pili anamfuata kumwokoa, na mara nyingi wa pili naye anafia humo. Walitikisa vichwa kama watu wanaosimuliwa habari za mtaa wao. Juu ya kumchimbua aliyefukiwa, wao ndio walionifundisha: namna ya kusimika matimba mapya huku mtu yuko chini, namna winchi inavyovutwa polepole, nani anaruhusiwa kupiga kelele na nani anyamaze. Mmoja alikumbusha Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, ambako wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 ardhini. Nilikuwa nimekuja na dakika zangu za kutoka Vwawa, nikaona aibu hata kuzitaja.

Kisha nikawaeleza habari ya jiwe na dripu. Ukazuka ubishi. Dripu ziko zahanati, nani atazileta? Muuguzi hashuki shimoni, nani atashuka naye? Msimamizi mmoja alisema yeye atashuka na muuguzi hata kama ni kumfunga kamba kiunoni, wakakubaliana bodaboda gani itakuwa ya kumfuata. Wakiwa wanaendelea, sauti ikatoka kwenye masufuria.

"Afande, waambie na la uji."

Alikuwa yule mama wa kwenye gari, na nilijua anataka nini. Nikasimama tena, nikasema mbele ya wote kwamba uji hauui mtu namna ile. Wazee wawili walitazama chini. Kijana mmoja akaomba sahani ya wali, mama akampakulia, akamdai hela kabla hajashika kijiko.

Mwisho niliwapa namba ya dharura ya zimamoto, 114. Wakasema hiyo wanaijua, wanataka yangu mwenyewe, nikawatajia. Kabla sijafika Mkwajuni nilikuwa nimeshabipiwa. Nikapiga, nikidhani shimo limeporomoka. Alikuwa yule msimamizi wa kamba. Aliuliza habari za Majaliwa Jackson, yule mvuvi wa Bukoba aliyesaidia kuokoa abiria ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Novemba 2022, Rais akaagiza aajiriwe zimamoto. Yeye ana mdogo wake, alisema, ameshatoa watu wengi kuliko huyo, tatizo ni kwamba Mbangala hakuna ziwa. Nikamwambia nafasi zikitoka hutangazwa. Akasema ndivyo wanavyoambiwa siku zote, akakata.