Ulimi wa Mtoto Hufunguliwa Nyumbani

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wazazi wengi huichukua methali hiyo kuwa yahusu adabu peke yake, yaani mtoto afundishwe kusalimu, kutii na kutogusa cha mtu. Hiyo ni kweli, lakini kabla ya kufika huko mtoto huwa amekwisha kukunjwa na mambo mengine mengi: maneno ayasikiayo, vitu avishikavyo, na watu wamjibuo anapoita. Kazi hiyo haina mwalimu wa mshahara wala kengele ya kuingia darasani. Nchini Uganda mwongozo wa masomo ya watoto wadogo uliotolewa mwaka 2005 unawahusu wenye umri wa miaka mitatu hadi sita, na shule za chekechea kwa sehemu kubwa ni za watu binafsi, nazo hudai karo. Basi mtoto aliye chini ya miaka mitatu darasa lake ni chumba cha mama yake, na uwanja wake ni ua wa nyumba.

Habari ya familia moja ya Mafubira yaweza kuwafaa wazazi wengine, hasa wale ambao mume huitwa kazini mbali na nyumbani. Mafubira ipo upande wa kaskazini wa Jinja. Ilikuwa gombolola mpaka Julai 2020, Jinja ilipofanywa kuwa jiji nayo ikaingizwa ndani ya mipaka ya jiji hilo. Chuo cha kijeshi cha Kimaka na kambi ya Gaddafi haviko mbali, na si ajabu kumkuta mke wa askari akiishi katika chumba cha kupanga, huku majirani zake wakiwa wakulima, waendesha bodaboda na wafanya biashara ndogo ndogo.

Mama wa familia hiyo alizaliwa Soroti, na lugha yake ni Kiteso. Mumewe ni sajini wa jeshi, kwao ni Arua, na lugha yake ni Kilugbara. Walijuana kwa Kiswahili, wakaoana kwa Kiswahili, wala hawana lugha nyingine ya kusikilizana ndani ya nyumba. Majirani husema Kisoga. Mwaka 2023 sajini alikuwa Somalia, nchi ambayo Uganda ilianza kupeleka askari wake mwezi Machi 2007. Mama alibaki Mafubira na binti wa miaka tisa na mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi mitatu.

Siku yake ilianza alfajiri. Alikaanga mandazi, akayauza kando ya njia, akarudi kufua, kuteka maji na kuwasha sigiri. Mtoto wa umri ule hakai mahali pamoja. Atafungua dumu la mafuta, atavuta kitambaa cha meza, atakwenda moja kwa moja kwenye moto. Mama alipata dawa iliyo rahisi: alimkalisha mtoto kitandani, akampa simu yenye katuni, akafunga mlango. Mtoto alinyamaza. Majirani walimsifu kuwa ni mpole, na mama akaweza kumaliza kazi zake kwa utulivu.

Upole ule baadaye ulimtia hofu. Watoto wa rika lake pale uani walikwisha kuanza kubishana, kuomba na kushitakiana kwa mama zao, lakini yeye alikuwa na maneno machache mno, hayakufika kumi. Alipotaka kitu alivuta nguo ya mama na kulia. Mama alijisemea kwamba lugha nne zimemfunga ulimi. Kwa kutaka kumwondolea mzigo, aliacha kabisa kumsemesha Kiteso, na kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha amri na shughuli, alijikuta hana mengi ya kumwambia. Chumba kikawa kimya kuliko kilivyokuwa hapo awali.

Hofu yake ilikuwa na mzizi mwingine. Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na madarasa ya watoto wadogo hayakufunguliwa mpaka tarehe 10 Januari 2022. Binti yake mkubwa alikuwa na miaka sita shule zilipofungwa, akarudi darasani akiwa na minane. Mama aliona kwa macho yake jinsi karibu miaka miwili ya kukaa bure ilivyomrudisha nyuma mtoto aliyekuwa amekwisha kuzijua herufi zake. Hakutaka kuona jambo lile likimpata na wa pili.

Alimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya. Hilo lilikuwa jambo la busara, na wazazi wengine wamwige. Mtoto aliyetimiza miaka miwili hutazamiwa kuanza kuunganisha maneno mawili, kama vile "baba njoo". Asipofanya hivyo, haifai kungoja kwa kusema kwamba babu yake naye alichelewa. Kwanza masikio yapimwe, maana asiyesikia vizuri hawezi kuiga. Masikio ya mtoto huyu yalikuwa mazima. Mhudumu aliuliza maswali mawili tu: mtoto hutazama simu kwa muda gani kwa siku, na nani huzungumza naye. Mama alijibu la kwanza upesi. La pili lilimchukua muda.

Shirika la Afya Duniani lilitoa maelekezo mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asitazamishwe kioo cha simu wala televisheni hata kidogo, na aliyetimiza miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi. Shirika hilo lilieleza pia kuwa watoto wa umri huo wahitaji jumla ya saa tatu za kutembea, kukimbia na kucheza kila siku, pamoja na usingizi wa kutosha. Sababu si ngumu kuifahamu. Katuni husema lakini haingoji jibu. Mtoto akitoa sauti, katuni haigeuki kumtazama, wala haimsahihishi, wala haicheki naye. Maneno hukua kwa kupokezana, kama mpira unavyokwenda na kurudi kati ya wachezaji wawili.

Kuhusu lugha nyingi, mhudumu alimtoa mama wasiwasi. Kusikia lugha mbili au tatu hakumfanyi mtoto awe bubu. Huenda akazichanganya mwanzoni, na maneno yake yahesabiwe ya lugha zote pamoja, si ya lugha moja peke yake. Katika Uganda jambo hili lina uzito wake. Tangu mwaka 2007 watoto wa madarasa matatu ya kwanza ya msingi walianza kufundishwa kwa lugha za mahali pao. Kiswahili nacho kiliwekwa katika Katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Mtoto wa askari aliyezaliwa katikati ya lugha nne ana akiba mkononi, mradi apate mtu wa kuzisema naye.

Mtu huyo alikuwapo, nyuma ya ukuta tu. Jirani yake alikuwa mwanamke mzee, ambaye watu wote pale uani walimwita jaja, yaani bibi. Siku moja alimkuta mama akiosha vyombo, mtoto ameketi kando amenyamaza.

"Mwanangu, mbona unaosha sufuria kama mtu aliyefiwa? Husemi?" akauliza jaja.

"Niseme na nani, jaja?"

"Na huyu hapa."

"Haelewi."

"Asiposemeshwa, ataelewaje?"

Tangu siku ile mama alianza kuzungumza na mtoto juu ya kazi iliyokuwa mikononi mwake, kwa Kiteso, lugha aliyoijua hata kwa utani na mafumbo yake. Hiki ni kijiko. Kijiko kimelowa. Sasa tunakifuta. Mwanzoni aliona haya, akidhani watu watasema amerukwa na akili. Baada ya juma moja alizoea, na mtoto akaanza kumkazia macho midomoni.

Vitu vya kuchezea havikununuliwa dukani. Binti mkubwa alikusanya maganda makavu ya mgomba, akayaviringa na kuyafunga kwa kamba akapata mpira mwepesi usiovunja kitu. Vigunzi vya mahindi vilipangwa mstari, virefu huku na vifupi huku. Vikombe vya plastiki viliingizwa kimoja ndani ya kingine. Siku ya kufua, mtoto alipewa soksi za familia atafute kila moja na mwenzake: nyeusi za baba na nyeupe za shule za dada. Kazi ile ilimfundisha rangi, ukubwa na neno "sawa", na nguo zikakunjwa kwa wakati mmoja. Jioni udongo wa uani ulitiwa maji kidogo, ukawa mikate, ng'ombe na nyoka.

Mama aligundua pia kwamba mtoto wa miaka miwili hakai kwenye mchezo mmoja kwa muda mrefu. Dakika chache humtosha, kisha atake kingine. Hiyo si utundu, ndivyo umri wake ulivyo. Kwa hiyo vitu havikumwagwa vyote sakafuni. Viwili au vitatu vilitolewa, vingine vikafichwa kapuni, na baada ya siku kadhaa vikabadilishwa. Kilichofichwa kilirudi kama kipya. Hadithi, kinyume chake, aliitaka ile ile kila usiku, na mama hakumnyima, kwa kuwa mtoto hujifunza kwa kurudiwa.

Kuna methali isemayo mtoto akililia wembe mpe. Ina maana yake kwa mtu mzima mkaidi, lakini kwa mtoto wa umri huu isifuatwe hata kidogo. Maharage, mbegu, shanga na vizibo vya soda si vya kuchezea, maana huingia puani, sikioni au kooni. Kipimo ni rahisi: kitu kinachoweza kuenea mdomoni mwa mtoto, asiachiwe. Kumimina maji kwa kikombe ni mchezo mzuri, lakini mama awe pale pale, na beseni limwagwe mara mchezo unapokwisha, kwa kuwa mtoto mdogo aweza kufa maji katika beseni lenye maji ya vidole vichache tu. Mafuta ya taa na dawa ya kufulia zisiwekwe katika chupa za soda. Sigiri iwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Mama hakuitupa simu. Aliigeuza kazi yake. Sajini alipopiga kutoka Somalia, mtoto alipewa nafasi ya kumsikia baba akimwita, akamwonyesha mpira na viatu vyake, na baba akajibu. Mtu aliye upande wa pili wa simu hungoja, hucheka na hujibu.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Siku moja ya jua kali mtoto alisimama mbele ya mama akasema, "Leta akipi." Neno la kwanza ni la Kiswahili, na la pili ni la Kiteso, maana yake maji. Mama alimletea maji, kisha akakaa chini kwa furaha. Yalikuwa maneno mawili yameunganishwa, kila moja kutoka lugha yake, na yote mawili yalieleweka.

Mwishoni mwa mwaka sajini alirudi kwa likizo. Alitazamia kukimbiliwa, lakini mtoto alijificha nyuma ya dada yake. Baba alimwita kwa sauti ya gwaride, na mtoto akaanza kulia. Mama alimwambia mumewe kwa upole, "Afande, huyu haamrishwi. Keti chini kwanza." Sajini alivua viatu, akaketi mkekani, akausukuma ule mpira wa maganda ya mgomba kuelekea ukutani. Siku hiyo haukurudi. Siku ya pili ulirudi mara moja. Siku ya tatu mtoto aliuleta mwenyewe mkononi, na jioni ile baba akamfundisha kuhesabu mpaka tatu kwa Kilugbara.

Askari wengi hudhani kwamba malezi ya mtoto mdogo ni kazi ya mama peke yake, na kwamba zamu yao itafika wakati wa karo. Mtoto hangoji zamu hiyo. Baba aliye kambini au kwenye kituo cha polisi, hata akiwa na nusu saa tu kabla ya kuingia kazini, aweza kuketi sakafuni, kutaja vitu kwa majina, na kungoja jibu. Mama naye asione haya kusema na mtoto asiyejibu bado. Dada na kaka wafundishwe kumhesabia mdogo wao vigunzi, na wazee walio jirani waombwe hadithi. Simu izimwe wakati wa chakula na wakati wa kulala. Mambo hayo hayahitaji fedha, bali yahitaji mtu mzima atakayemtazama mtoto usoni kila siku na kumsemesha.