Barua ya Kaunti na Paa la Mabati

Katika familia nyingi za Wakongo wanaoishi Greensboro, jimbo la North Carolina, kuna bahasha moja ambayo haiachwi mezani mpaka Jumapili. Imetoka ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti. Ndani mna fomu inayotaka jambo moja tu: aliyeandikiwa athibitishe kwamba kipato chake bado ni kidogo. Mama aliyelea watoto wake katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na ambaye sasa hukesha akikata kuku kiwandani, hutoa hati zake za mshahara kwenye mkoba, huzipiga picha kwa simu, kisha humwita kijana wake wa sekondari amsomee kile Kiingereza cha serikali. Siku za kujibu zinahesabika. Zikipita, bima inakatwa, hata kama mshahara haujaongezeka senti.

Bima hiyo inaitwa Medicaid. Tangu 1965 gharama yake hubebwa kwa pamoja na serikali kuu ya Marekani na majimbo, na kila jimbo lina sauti kubwa katika kuamua nani aingie na nani abaki nje. North Carolina iliitumia sauti hiyo kusema hapana kwa miaka kumi. Sheria ya afya ya Rais Obama ya 2010 ilikusudia kuwafungulia mlango watu wazima wote wa kipato cha chini, lakini mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikasema jimbo lisilotaka lisilazimishwe. Mwaka 2013 bunge la North Carolina likatunga sheria ya kukataa.

Matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha sana. Mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hakuwa na pa kubisha hodi, hata awe fukara kiasi gani. Ruzuku ya sheria ya Obama ya kununulia bima binafsi nayo ilianzia kwa wenye kipato cha kufikia mstari wa umaskini. Basi aliyekuwa juu kidogo ya mstari alisaidiwa, na aliyekuwa chini yake akaachwa mikono mitupu.

Aliyegeuza mambo ni mtu ambaye wengi hawakumtarajia. Phil Berger, kiongozi wa Seneti ya jimbo, alipinga upanuzi wa Medicaid kwa miaka mingi. Mei 2022 alijitokeza akasema sasa anauunga mkono. Tarehe 27 Machi 2023 Gavana Roy Cooper alitia saini sheria ya upanuzi. Hata hivyo sheria ilifungwa kamba kwenye bajeti ya jimbo, na bajeti ilipokawia, wagonjwa nao wakasubiri. Mlango ulifunguliwa tarehe 1 Desemba 2023. Katika muda wa mwaka mmoja hivi, watu zaidi ya 600,000 walikuwa wamejiunga.

Kipimo ni kipato kisichozidi asilimia 138 ya mstari wa umaskini, ambacho kwa mtu mmoja mwaka 2023 kilikuwa kama dola 20,120 kwa mwaka. Serikali kuu hulipa asilimia 90 ya gharama za waliojiunga kwa sheria hii, na asilimia 10 ya jimbo hutokana na tozo zinazolipwa na hospitali zenyewe. Ndani ya sheria mna kifungu ambacho wachache wa kule Greensboro wamekisikia: asilimia 90 ikipunguzwa, mpango unafungwa.

Hofu nyingine imetoka Washington. Sheria ya serikali kuu iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inataka watu wazima wengi wa kundi hili waonyeshe saa 80 za kazi kwa mwezi kuanzia 2027, na wakaguliwe kila miezi sita badala ya mwaka. Arkansas ilishajaribu sharti la kazi mwaka 2018. Watu zaidi ya 18,000 walipoteza bima katika miezi michache, wakiwemo waliokuwa wakifanya kazi ila hawakuweza kujaza taarifa mtandaoni, mpaka jaji akalisimamisha sharti hilo. Kwa mkimbizi kuna zaidi ya hapo: kuanzia Oktoba 2026, hadhi ya ukimbizi peke yake haitamtosha kupata Medicaid.

North Carolina ina kaunti 100. Kenya ina 47, na huko nako umaskini unathibitishwa, ila si kwa karatasi.

Rais Ruto alisaini Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii Oktoba 2023. Baada ya mvutano mahakamani, tarehe 1 Oktoba 2024 mamlaka mpya, SHA, ikachukua nafasi ya mfuko wa bima wa NHIF uliokuwapo tangu 1966. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Wasiojiweza kabisa, sheria inasema, watalipiwa na serikali. Mwajiriwa hukatwa kwenye mshahara na yanaisha. Lakini mama mboga, wa bodaboda na fundi wa jua kali hana hati ya mshahara. Yeye huulizwa nyumba: paa ni la nini, kuta je, maji mnateka wapi, choo ni cha aina gani, mnapikia kuni au gesi? Kutokana na majibu, kompyuta hukadiria uwezo wa kaya na kutoa ada, nayo hulipwa ya mwaka mzima. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 3,600. Kwa anayeuza sukuma wiki kwa fungu, hizo kwa mkupuo ni mtaji wenyewe.

Tanzania, iliyopitisha sheria yake ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, ina namna ya tatu ya kumtambua maskini. Kwa ruzuku za TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, mkutano wa kijiji huketi na kuzitaja kaya duni. Jirani anajua nani amelala njaa. Anajua pia nani aligombana naye shambani.

Kati ya vipimo hivi, hati ya mshahara ndiyo yenye haki zaidi, pamoja na usumbufu wake wote, kwa sababu anayeonewa anaweza kuishika mkononi na kubisha. Paa halibishani. Chukua ajuza wa Nyeri, Kenya, ambaye binti yake anawatunza wazee huko Raleigh, North Carolina. Nyumba ina mabati mapya, sakafu ya saruji, tangi la maji uani. Yote yalijengwa kwa dola za binti, kidogo kidogo. Mfukoni mwa ajuza hamna kipato cha kila mwezi hata cha shilingi mia, lakini kompyuta imeona mabati, na ada imepanda.

Hivyo binti ndiye anayelipa, kwa simu, usiku baada ya zamu. Kadi yake ya kijani, ile ya ukaazi, ina miaka mitatu. Medicaid ya North Carolina inamtaka atimize mitano.