Vikombe viwili vya baba

Mashine ilitoka Muscat, kwa kaka mtu anayefanya kazi huko. Ni ndogo, ya nyumbani, ya kutoa kahawa nzito ambayo Waitaliano huiita espresso. Alikuwa ameitumia mwenyewe kabla ya kuituma Bangwe, nyumbani kwa baba yao, baada ya mzee kupata kiharusi na upande wa kulia kupoteza nguvu.

Zamani mzee alikwenda Ujiji kila jioni, kijiweni, kunywa kahawa chungu na wenzake. Sasa safari hiyo haiwezekani. Mashine ilikusudiwa kuwafanya wenzake waje kwake.

Siku ya kwanza tu mambo yakaharibika. Mashine ina midomo miwili ya kumiminia. Kikombe cha kushoto kilijaa, cha kulia kikapata nusu. Kahawa yenyewe ilikuwa chachu na chungu kwa pamoja. Mzee alionja, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, hii siwezi kumpa mgeni."

Mgeni alikuwa rafiki yake wa Ujiji, waliyefanya naye kazi bandarini. Alisema angekuja Ijumaa baada ya swala.

Binti anayeishi na mzee, mama wa watoto wawili, akaamua kutafuta chanzo, akibadilisha kitu kimoja kwa wakati. Kanuni yenyewe si ngumu. Pampu husukuma maji ya moto kwa mgandamizo wa karibu baa 9. Maji hupita penye upenyo. Kahawa ikiwa imelegea upande mmoja, maji yote hukimbilia huko na kuichuja kupita kiasi, ndiyo uchungu. Upande ulioshindiliwa sana hupata maji kidogo, ndiyo uchachu.

Alianza na meza. Aliweka glasi ya maji juu yake, akaona imeinama. Kipande cha boksi chini ya mguu mmoja kikairekebisha. Nafuu ilikuwepo, lakini ndogo.

Akafuata usafi. Kichujio cha juu, pale maji yanapotokea, kilikuwa kimeziba kwa mafuta ya kahawa ya zamani. Alikisugua kwa mswaki mkuukuu mashine ikiwa imezimwa na imepoa.

Kisha usagaji. Kahawa yao hutoka Kalinzi, hukaangwa nyumbani na kutwangwa kwenye kinu. Kinu hutoa unga na vipande kwa pamoja. Kwenye birika hilo si tatizo, maana vyote huchemka ndani ya maji yaleyale. Kwenye mashine ni tatizo kubwa. Akaichekecha kwa chekeche laini, vipande vikarudi kinuni. Akapima gramu 18 za unga, akitarajia gramu 36 hivi za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Mara ya tatu akafika hapo. Vikombe vikalingana.

Lakini mzee alipotengeneza mwenyewe, kahawa ilirudi kumwagika upande mmoja. Alishindilia kwa mkono wa kushoto, kishindilio kikalala, na kahawa ikawa mteremko. "Baba, niachie mimi," binti akasema, akakichukua mkononi mwake.

Mzee hakujibu. Kwa siku mbili hakuomba kahawa.

Siku ya pili usiku binti akakumbuka maneno ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo: mkono uliodhoofika upewe kazi ya kweli, irudiwe tena na tena. Naye alikuwa ameunyang'anya kazi pekee ambayo baba yake aliitaka.

Asubuhi alimrudishia. Wakaweka kitambaa chenye unyevu chini ya chombo kisiteleze. Mzee akakoroga unga kwa kijiti cha meno kuvunja mabonge, akausawazisha, kisha akashika kishindilio kwa kushoto na kuweka mkono wa kulia juu yake. Mjukuu wa miaka tisa alichuchumaa, jicho likiwa usawa wa meza. "Babu, imelala huku." Mzee akarekebisha. Walirudia kila siku, kikombe kimoja kidogo, kama muuguzi wa kliniki alivyoruhusu. Shinikizo la damu walilipima kabla ya kahawa, kwa kuwa inashauriwa kutokunywa kahawa nusu saa kabla ya kipimo. Mjukuu alipewa sharti moja: asiguse mashine ikiwa moto, na chombo cha kahawa kisifunguliwe wakati pampu inafanya kazi, maana mvuke na maji ya moto hurukia uso.

Ijumaa rafiki alifika, akaketi barazani. Mzee aliingia jikoni peke yake. Binti alibaki mlangoni, mikono nyuma, akijizuia. Ilichukua muda mrefu. Kishindilio kilianguka mara moja, na hakuna aliyekwenda kukiokota ila mzee mwenyewe.

Vikombe havikulingana kabisa. Kimoja kilizidi kwa upana wa kidole. Mzee alimpa mgeni kilichojaa.

Rafiki alikunywa, akanyamaza, akanywa tena.

"Kahawa umeiweza," akasema. "Lakini Ujiji kuna kashata."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwita mjukuu amtume dukani.