Mtalala kwa Nani?

Mwenzenu ni mtu wa orodha. Kazi ya uhariri imeniharibu, hata sokoni naenda na karatasi. Kwa hiyo mume wangu aliposema miaka kumi ya ndoa yetu tukaisherehekee Ulaya, jioni ileile nikabandika karatasi kwenye friji: Amsterdam, Paris, Berlin, Vienna, Venice, Milano, Roma. Miji 7, siku 12. Akaisoma akiwa na glasi ya maji mkononi, akauliza, "Sasa hapo tutakaa lini?" Tukanuniana siku tatu.

Jamani, lawama si yangu peke yangu. Ukiomba viza ya Schengen wanataka ueleze utalala wapi kila usiku hata kabla hujafunga begi, uonyeshe taarifa za benki, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Ada yenyewe ni yuro 90 kwa mtu mzima. Ukishatoa hela hiyo unajiambia basi bora nione kila kitu.

Tukakubaliana tufanye mazoezi kwanza hapahapa nyumbani. Julai 2025, usiku 5, Morogoro na milima ya Uluguru, watoto kwa dada yangu. Nikatoa orodha nyingine: usiku mmoja mjini, mmoja Kinole, mmoja Matombo, miwili Mikumi kwa ajili ya wanyama. Mgeta nikaandika "kwenda na kurudi".

Mgeta ndiko kwa mama mkwe.

Niwaambie ukweli, tangu 2018 nilikuwa sijalala kule. Mwaka huo nilimpeleka mtoto wetu wa kwanza akaonwe na bibi yake. Bibi akampakata, akamwangalia weee, halafu akasema mbele ya majirani, "Huyu si wa kwetu, ni wa kwao mama yake." Nilitabasamu kama mtu aliyepigwa kofi. Baada ya hapo kila mume wangu akienda nilikuwa na udhuru: mafua, gazeti linakwenda mtamboni, arusi ya rafiki. Hakuwahi kuniuliza. Na mimi sikuwahi kusema.

Basi, tukapanda treni ya SGR, ile iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, na kabla ya saa mbili kutimia tukawa Morogoro. Ni mji wa kutembea kwa miguu jioni, mlima umekuinamia utadhani unasikiliza umbea wenu. Tulizunguka Soko la Chifu Kingalu, tukala nyama choma, na mume wangu akaweka Mbaraka Mwinshehe kwenye simu, kwani uende mji wa Morogoro Jazz usisikilize gitaa lile? Usiku huo mmoja tu ulinitosha kujua kwamba tulikuwa na njaa ya kukaa pamoja bila ratiba.

Asubuhi tukamwonyesha dereva wa kukodi orodha yangu. Alicheka mpaka akashika usukani. "Dada, Mgeta na Kinole kwenye ramani wamepakana, lakini mlima uko katikati. Labda mpae." Kumbe ukitoka Mgeta lazima ushuke tena mpaka mjini, ndipo uzunguke upande wa mashariki. Nilikuwa nimepanga miji kwa rula! Nusu ya likizo ingeishia ndani ya gari.

Mume wangu akachukua kalamu yangu. Akakata Kinole, akakata Matombo, akakata Mikumi. Akaandika "Mgeta, 4". Halafu akanirudishia kalamu bila kunitazama. "Kama hutaki, kata."

Sikukata. Ila msidhani nilifurahi.

Unaacha barabara kuu ya Iringa, unapita Mzumbe na Mlali, kisha ni kupanda. Baridi inaingia taratibu dirishani. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi mpaka juu, kabichi, karoti, njegere, na chini kabisa Mto Mgeta unateremka kwenda kuungana na Ruvu, Ruvu hiyohiyo inayotoka bombani kwetu Dar. Mama alikuwa mlangoni na sweta mbili. "Shikamoo Mama." "Marahaba mwanangu, umekonda." Hakusema kingine.

Siku ya kwanza nilijificha kwenye blanketi. Ya pili, mume wangu alipokwenda kutazama mbuzi, tukabaki wawili jikoni tunamenya njegere. Nikajikuta nimesema. Nikamrudishia maneno yake ya 2018, neno kwa neno, na sauti ikanikatika.

Mama akaweka ungo chini. "Wewe kwenu wapi?"

"Kilimanjaro, Mama."

"Kule mtoto wa nani?"

"Wa baba."

"Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Hata hapa unapokaa, shamba nililipata kwa mama yangu. Wajukuu wa ukoo wangu ni wale wa binti zangu. Wa kwako ni wa ukoo wako. Nilikuwa nawaambia majirani wakuheshimu, kwamba mtoto ana kwao." Akanyamaza kidogo. "Na miaka yote hii huji?"

Nililia kwenye njegere zake, si kidogo. Usiku nikamsimulia mume wangu. Akaniambia alidhani nilikuwa naona aibu kwa choo cha nje. Saba, miaka saba, kila mtu na hadithi yake kitandani!

Karatasi ya friji imebaki na miji miwili, Roma na Vienna, na hata Vienna tunabishana. Siku ya kuondoka Mgeta nilimweleza Mama mpango wote. Alisikiliza akifunga mfuko wa karoti, kisha akauliza, "Huko Roma mtalala kwa nani?"

"Hotelini, Mama."

Akatikisa kichwa, akauongezea mfuko karoti.