Chombo Hakihifadhiwi kwa Kufichwa

Watu wa pwani huita kwa jina moja chombo cha muziki na chombo cha bahari, na hawakukosea. Vyote viwili ni kazi ya mbao zilizoungwa, na vyote viwili huharibika upesi vikitelekezwa. Jahazi lililokaa juani msimu mzima mbao zake huachana. Udi uliowekwa juu ya kabati, chini ya mabati, nao hufikwa na yayo hayo, ila hapana apitaye akauona.

Katika majumba yetu ya Unguja na Pemba vimo vyombo vilivyofiwa na wapigaji wao. Jamaa, kwa mapenzi, huvifunika na kuvifungia, wakadhani wamevihifadhi.

Aghalabu udi huungwa kwa gundi itokanayo na ngozi au mifupa ya wanyama, nayo hulegea kwa joto na unyevu. Chombo cha mbao hustarehe pale ambapo unyevu wa hewa ni baina ya asilimia 40 na 60. Hewa ya visiwani, hasa wakati wa masika, hupita kiwango hicho. Mbao hunywa maji zikavimba, na hewa ikikauka hunywea. Nyuzi nazo, ambazo kwa kawaida ni 11, huvuta usiku na mchana, hata gundi ikishindwa daraja likang'oka.

Basi chombo kiwekwe wapi? Kisitundikwe kwenye ukuta wa nje wa mawe na chokaa, unaonyonya mvua; kisiwe dirishani penye jua, wala sakafuni penye mchwa. Kikae ndani ya kasha lake, juu ya kibao, katika chumba kipitacho hewa, na kasha lifunguliwe mara kwa mara. Nyuzi zilegezwe kidogo, si zote kabisa. Daraja la fidla halikugandishwa kwa gundi, na tumboni mwake mna kijiti kinachoshikiliwa na mkazo wa nyuzi. Zikilegea zote, huenda vyote viwili vikaanguka. Upinde wake ulegezwe kila baada ya kupigwa. Daraja la kanuni hukaa juu ya ngozi, kwa hiyo kanuni isitwikwe mzigo. Akodiani isimame kwa miguu yake, isilazwe.

Hata hivyo, hifadhi iliyo bora ni mkono wa mpigaji. Apigaye husikia mlio uliobadilika kabla jicho halijaona ufa. Hapa Unguja, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimefundisha vijana tangu mwaka 2002, na mwanafunzi asiye na udi wake hujifunza nusu.

Jirani yangu mmoja, mjane, aliniuliza, "Mwanangu, nikimwazima kijana udi wa marehemu, si nitakuwa nimeupoteza?" Nikamjibu, "Bi Mkubwa, juu ya kabati unapotea pia, tena bila ya kusikilizwa na mtu."

Alinyamaza siku kadhaa, kisha akaleta sharti lake: udi usitoke nyumbani, kijana na aje yeye, kila Alhamisi baada ya alasiri. Naliona ni sharti la busara. Kasha limeshushwa kabatini, na gundi ya ubavuni iliyokuwa imeanza kuachia imekwisha kutengenezwa na fundi. Kijana bado anakosea, na Bi Mkubwa, aliyeusikia udi huo miaka mingi, humwambia wapi.